Ekseli Sita Kuelekea Tunduma

Dereva alilizunguka lori lote akigonga kila tairi kwa kipande cha nondo na kutega sikio, ndipo akaniruhusu nipande. Yalikuwa matairi 22: mawili ya mbele, manane ya kuvuta, kumi na mawili ya trela. Juu ya trela lilikaa kontena la futi 40 lililopakiwa ng'ambo, likashushwa bandarini Dar es Salaam, na sasa lilikuwa safarini kwenda Lubumbashi. Nikamwuliza ndani mna nini.

"Karatasi zinasema mashine na vipuri," akajibu. "Kilo zimeandikwa. Ila hizo kilo zimelala upande gani, mwanangu, mimi sijui, na aliyenikabidhi naye hajui."

Jibu la namna hiyo ndilo lililonifanya niombe safari hii. Kila serikali zetu zinapobadili uzito ambao lori linaruhusiwa kubeba, mabishano hukaa juu ya tarakimu moja kubwa. Iwe tani 48, iwe 56, unafuu wa asilimia 5 ubaki au uondoke. Nilitaka kuifuata tarakimu hiyo barabarani, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kurasini, Dar es Salaam, hadi Tunduma, mpakani na Zambia, nikiwa nimekaa karibu na anayeibeba. Dereva ni mtu wa Iringa aliyeanza kazi akiwa utingo miaka ya 1980. Nitamwita Mzee, maana njia nzima sikusikia akiitwa kwa jina lingine. Utingo wake, kijana wa Mbozi, alijilaza nyuma ya viti kabla hatujafika getini.

Tuliondoka usiku, foleni za mjini zikiwa zimepungua. Kimara, Mbezi, Kibaha, zote zilipita huku Mzee akiwa kimya. Alianza kuzungumza tulipokaribia Vigwaza, na nadhani alizungumza ili kujituliza.

Mizani ya Vigwaza iko mkoa wa Pwani, kabla ya kufika Chalinze. Lori huacha barabara kuu likaingia njia ya pembeni, likapita polepole juu ya vihisio vilivyofukiwa chini, na kompyuta ikasoma kila ekseli lori likiwa bado linatembea. Lisilo na shaka huelekezwa kurudi barabarani. Lenye shaka hupelekwa kwenye mizani ya kusimama. Sisi tulipelekwa kwenye ya kusimama.

Karatasi ilipotoka Mzee aliisoma kwa tochi ya simu, kisha akanipa niisome. Ekseli ya mbele tani 6.9. Ekseli mbili za kuvuta tani 15.8. Ekseli tatu za trela tani 23.9. Jumla tani 46.6.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56, ila kwa lori lenye ekseli saba. Chini ya kikomo hicho kikubwa kuna vikomo vidogo, na hivyo ndivyo dereva huvihesabu akiwa macho usiku. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi pacha isizidi tani 10, mbili zilizofuatana tani 18, tatu zilizofuatana tani 24. Lori letu la ekseli sita, ukijumlisha 8, 18 na 24, mwisho wake ni tani 50. Kwa jumla tulikuwa na nafasi ya tani 3.4. Kwa ekseli za nyuma tulikuwa na nafasi ya kilo 100.

Kilo 100 ni uzito wa mtu mmoja mnene. Mtu akisogea ndani ya kontena kutoka mbele kwenda nyuma, tumevunja sheria.

Wanaobeba ndoo kwa mzegazega wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Ndoo mbili zilizojaa sawa hubebeka mwendo mrefu, lakini maji yaleyale ukiyajaza zaidi upande mmoja, bega linaumia kabla hujatoka kisimani. Ndani ya kontena letu mtu fulani, katika ghala fulani, aliweka mashine nzito karibu na mlango na vitu vyepesi ndani kabisa, akafunga, ikapigwa lakiri. Tangu 1 Julai 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unamtaka mwenye mzigo atoe uzito uliothibitishwa wa kila kontena kabla halijapakiwa melini. Ni kanuni nzuri, inalinda meli na mabaharia. Lakini meli inataka kujua kontena lina uzito gani, haina haja ya kuulizia uzito huo umekaa upande upi. Kontena likishashuka bandarini na kupandishwa kwenye trela, swali la pili linageuka kuwa ndilo kubwa, na karatasi ya kulijibu haipo. Lakiri nayo haikatwi na dereva. Mzigo ni wa kupita tu kwenda nchi nyingine, uko chini ya forodha, na mlango wake ukifunguliwa njiani bila kibali hiyo ni kesi.

Jirani yetu pale mizani alikuwa na nafuu hiyo tusiyokuwa nayo. Alibeba mbolea ya mifuko na alikuwa amezidi kwenye ekseli za kuvuta. Turubai lilishafunguliwa, vijana wanne walikuwa juu wakihamisha mifuko ya kilo 50 kutoka mbele kwenda nyuma, vumbi jeupe likiwajaa kwenye nyusi. Ukitaka kuhamisha tani moja unahamisha mifuko 20. Niliwatazama mpaka walipomaliza. Lori likarudi kwenye mizani, likapita, likaondoka na mzigo uleule, jumla ileile, bila hata mfuko mmoja kushushwa. Sheria ilikuwa imetimizwa kwa kupanga tu.

Kwa nini sheria ijali mpangilio kiasi hicho? Jibu lilipatikana Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kuanzia 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walijenga barabara za majaribio za mzunguko, wakaipa kila njia malori ya uzito wake, na askari wa jeshi wakayaendesha kwa zamu mpaka barabara zikaanza kufa moja moja. Jaribio hilo, lijulikanalo kwa jina la AASHO, ndilo lililowapa wahandisi kanuni wanayoiegemea hadi leo, kwamba uharibifu unaofanywa na ekseli hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa maneno ya kawaida, ekseli ya tani 10 ukiipakia 12, mzigo umeongezeka kwa moja ya tano, lakini uharibifu umeongezeka zaidi ya mara mbili. Na ukiigeuza hesabu hiyohiyo, ekseli moja ya tani 10 inaichosha barabara sawa na ekseli 10,000 za tani moja moja, yaani zile za magari yetu madogo.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Kijana wa bodaboda wa Chalinze akijaza lita moja ya petroli, sehemu ya fedha yake inaingia Mfuko wa Barabara. Pikipiki yake hailigusi tabaka la chini la barabara hata akipita kila siku ya maisha yake. Mwenye mzigo anayezidisha tani mbili ili apate faida ya safari moja anachota kutoka kwenye mfuko wa kijana huyo, na kijana hana namna ya kujua.

Tulipoiacha Vigwaza Mzee aliniuliza kama nakumbuka Oktoba 2013. Nikamwambia nakumbuka. Wakati huo mizani kubwa ya barabara hii ilikuwa Kibaha, na malori yalikuwa yamezoea unafuu wa asilimia 5 juu ya kikomo. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akaufuta. Wasafirishaji wakagoma, malori yakapangana barabarani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausimamisha uamuzi huo ili mazungumzo yafanyike. Mzee alikuwa kwenye foleni ile. "Tulipika ugali chini ya trela," akasema. "Wenye magari walikuwa hotelini wanajadiliana, sisi tunatafuta maji ya kuoga."

Nilimwambia nilivyofikiri wakati ule na ninavyofikiri hata sasa. Magufuli alikuwa na haki katika jambo lenyewe. Unafuu wa asilimia 5 una maana ukiwa ni kwa ajili ya mizani kukosea kidogo, au mzigo kusogea njiani. Katika mazoea ulikuwa umegeuka kuwa nafasi ya biashara. Asilimia 5 ya tani 56 ni tani 2.8, sawasawa na mifuko 56 ya saruji. Hakuna mzigo unaosogea njiani ukazaa mifuko 56 ya saruji. Watu walikuwa wanapakia hadi mwisho wa unafuu, kisha wanaomba unafuu mwingine juu yake.

Mzee hakukataa. Alisema tu, "Sawa. Lakini pale Kibaha walisimama wapi wale waliopakia?"

Sikuwa na jibu usiku ule, na swali hilo lilikaa nami hadi mpakani.

Miaka ikapita, na 1 Machi 2019 Tanzania ikaanza kuitumia sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari. Tani 56 hazikuwa ngeni kwetu. Kilichogusa watu ni namna ya kuhesabu kilichozidi, ukali wa adhabu, na habari ya matairi. Matrela mengi yalikuwa yamefungwa supa singo, tairi moja pana mahali pa mawili, na kwa kuwa tairi hilo hukandamiza barabara katika eneo dogo zaidi, linaruhusiwa uzito mdogo kuliko matairi pacha. Wenye matrela walilalamika sana mwaka ule, na wengine walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu trela walikuwa wameshalinunua. Wakenya nao walikuwa na yao. Kwa miaka kadhaa malori yao yalibanwa kwenye tani 48, kwa hiyo kikomo cha Jumuiya kwao kilikuwa ni kupandishwa. Sheria moja, kwa jirani mmoja inalegeza, kwa mwingine inakaza. Ndivyo ilivyo kazi ya kuunganisha barabara za nchi zenye historia tofauti, na mimi naiunga mkono, kwa sababu lori la Mombasa na lori la Dar es Salaam yanakutana Kigali.

Tulilala Morogoro kidogo, tukavuka Mikumi asubuhi. Barabara hukata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, mwendo umewekewa kikomo, na tembo walikuwa wanakula karibu na lami wala hawakutujali. Mbele yetu lilikwenda lori lenye trela la ekseli tatu, ya kwanza ikiwa imeinuliwa hewani. Mzee akaninyoshea kidole. Ekseli za namna hiyo zimetengenezwa ziinuliwe lori likiwa tupu, ili matairi yasiishe bure. Hili halikuwa tupu, springi zake zilikuwa zimekaa chini kabisa. Ameiinua baada ya mizani, akasema Mzee, na ataishusha kabla ya mizani nyingine. Ekseli mbili zilikuwa zinabeba cha tatu, na kilomita zote hizo za katikati hakuna anayepima.

Niliutumia mwendo ule wa polepole kumweleza kuhusu nchi nyingine. Mwezi Julai 2018 India ilipandisha vikomo vyake, lori la ekseli mbili likatoka tani 16.2 hadi 18.5, ili gharama za kusafirisha mizigo zishuke. Finland tangu 2013 inaruhusu lori la tani 76. Mzee alipiga mluzi. Nikamwambia hizo 76 ni kwa ekseli tisa. Akagawanya kichwani. "Tani nane na nusu kila moja," akasema, "kama sisi tu." Alikuwa sahihi. Tani 56 kwa ekseli saba ni tani 8 kila moja. Lori la Finland linabeba tani 20 zaidi na ekseli zake haziisumbui barabara sana kuliko zetu. Mfanyabiashara anayeomba kikomo kipandishwe anaweza kuwa na hoja, sharti aje na ekseli za kukibeba.

Tulipokuwa tunavuka daraja Mzee alinikumbusha upande wa pili. Lami inahisi ekseli, daraja linahisi lori zima. Ekseli zote zikishaingia juu yake, jumla ndiyo inayolipinda, na lori fupi lenye jumla kubwa hulitesa daraja kuliko lori refu lenye jumla hiyohiyo. Kwa hiyo tani 56 si tarakimu ya bure, na sitaki msomaji adhani naidharau. Nasema tu kwamba ndiyo inayogombewa bungeni na magazetini, wakati ile ya tani 24 za ekseli tatu inaachiwa dereva na utingo wake.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kwa ajili ya vitunguu. Vimepangwa kando ya barabara kwa mafungu na kwa magunia, na magunia mengine yalikuwa yameshonewa kofia ya wavu juu, lumbesa kamili. Mzee alisalimia, "Kamwene!" Mama mwenye vitunguu akaitikia kwa Kihehe na wakaongea kidogo habari za nyumbani. Nilipomwuliza gunia lile lina kilo ngapi, mama alicheka, akasema gunia ni gunia, baba, mnunuzi ndiye anayeleta kipimo chake. Mzigo wa mazao mwisho wake kisheria ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo hutangaza hivyo kila msimu. Gunia lililokuwa mbele yangu lingehitaji vijana watatu kulipandisha. Mkulima analipwa kwa gunia, kwa hiyo kila kilo iliyoongezwa juu ni yake iliyokwenda bure. Kisha magunia hayo yanapangwa kwenye Fuso ambalo dereva wake anahesabu magunia, hahesabu kilo, na Fuso linapanda barabarani hakuna ajuaye lina uzito gani. Uzito unafichwa shambani kabla haujafichwa barabarani, na anayeumia wa kwanza ni yule mama.

Halafu Kitonga. Barabara inapanda ukingoni mwa mlima kwa kona zilizokatwa kwenye mwamba, bonde liko upande mmoja, na hakuna pa kukosea. Mzee aliweka gia nzito chini kabisa, akaacha injini ivute yenyewe. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Waliokuwa wanashuka walitupita na harufu ya breki zilizoungua, na Mzee aliwaangalia wote usoni mmoja mmoja, kwa sababu lori lililopoteza breki, alisema, utaliona kwanza kwenye uso wa dereva. Kwenye kona moja kulikuwa na semi iliyokwama. Matairi ya kuvuta yalikuwa yameteleza mpaka yakaacha alama nyeusi, mawe yamewekwa nyuma ya kila ekseli, utingo ameshika jiwe la akiba mikononi. Nyuma yake yalisimama mabasi, malori, gari la wagonjwa. Ilichukua muda mrefu kabla semi haijavutwa. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu ya tani za ziada, ingawa kwenye fomu ya mizani halina safu yake.

Mahali fulani mbele ya hapo, kwenye mizani ambayo sitaitaja, tulipimwa tena. Karatasi ilisema ekseli za trela tani 24.4. Jumla ilikuwa imeshuka kidogo, kwa dizeli tuliyoichoma. Hatukuwa tumeongeza hata chupa ya maji nyuma. Labda mzigo ulisogea Kitonga wakati kichwa kinatazama juu, labda mizani mbili hazikusawazishwa sawa, labda uwanja una mteremko. Mzee alitoa karatasi ya Vigwaza, akaionyesha kwa heshima kubwa, kofia mkononi. Akaambiwa hiyo ni ya Vigwaza. Akaeleza habari ya lakiri. Akaambiwa asogeze gari kando.

Tulikaa kando hadi asubuhi ya pili. Mzee alimpigia mwenye gari, mwenye gari akampigia wakala, wakala akasema mzigo ulipokelewa kama ulivyo. Mwishowe mwenye gari alilipa kwa namba ya malipo iliyotumwa kwenye simu, geti likafunguliwa. Kisha akapiga tena na kumwambia Mzee kwamba sehemu ya fedha hiyo itatoka kwenye posho yake ya safari. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia kila neno. Mzee alisema, "Sawa, bosi," akaiweka simu kwenye dashibodi. Baada ya muda mrefu akasema, "Nimelipia mpangilio wa mtu nisiyemjua, aliyeko nchi nisiyoijua."

Nimewahi kuandika nikitaka adhabu ziwe kali zaidi, na bado nataka. Lakini adhabu kali inayomfikia asiyeweza kubadili kitu haiilindi barabara. Wiki ijayo kontena lingine litafungwa vilevile, maana aliyelifunga hakusikia kitu. Ndilo lilikuwa jibu la swali la Mzee kuhusu Kibaha. Waliopakia hawakusimama popote. Tumejenga mizani nyingi na nzuri barabarani, tukaacha kupima pale ambapo mzigo bado unaweza kupangwa, yaani bandarini, yadi za makontena, maghala ya mbolea, viwanda vya saruji, minada ya mazao.

Mafinga ilithibitisha hilo. Mji umejaa mbao na nguzo kutoka misitu ya Sao Hill, na malori hupakia miti ikiwa bado mibichi. Mti mbichi una maji mengi ndani yake. Mbao zilezile zikikaushwa zinapungua uzito sana. Wapakiaji niliozungumza nao wanahesabu vipande, kwa sababu malipo ni kwa vipande, na lori hulijaza kwa kuangalia springi zinavyokaa. Kijana mmoja alinionyesha jinsi anavyopima. Anaingiza ngumi kati ya tairi na chuma kilicho juu yake. Ngumi ikiingia, lori liende.

Kutoka Makambako reli ya TAZARA inakuwa jirani ya barabara. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa chini ya walowezi. Barabara hii nayo ina asili hiyohiyo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa wazungu wachache Novemba 1965, Zambia ilihitaji mafuta haraka, na malori yakaanza kuyapeleka kwa njia ya udongo mbaya kiasi kwamba iliitwa njia ya jehanamu. Wazee wa Mbeya bado wanasimulia Fiat zilizozama tope hadi madirishani. Lami ilikuja baadaye. Mzigo mzito ulikusudiwa reli, nayo kwa miaka mingi sasa imebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Naomba yafanikiwe haraka, kwa sababu behewa moja linabeba kwa urahisi kile kilichokuwa kinamnyima Mzee usingizi.

Athari inaonekana kwa macho kabla ya Uyole. Kwenye miinuko, pale malori yanapokwenda taratibu na jua limeilainisha lami, matairi yamechimba mifereji miwili upande wa kwenda, na lami iliyosukumwa imepanda matuta katikati na pembeni. Tuliposimama kubadili tairi nilishuka nikaweka rula ya utingo juu ya matuta na kuingiza mkono chini yake. Vidole vyote vinne vilipita, vimelala kwa upana. Mvua ikinyesha mifereji hiyo hujaa maji, na gari dogo likitaka kulipita lori hubidi livuke tuta, usukani ukivutwa huku na huku. Mbeya mjini wanapanua barabara kuwa njia nne. Itakuwa pana na nzuri. Mifereji itaanza upya kama ekseli zitakuwa zilezile.

Tunduma tulifika jioni, tukajiunga na foleni. Kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na kinasaidia, lakini malori ni mengi kuliko mji. Upande wa pili wa barabara yalikuwa yanaingia ya shaba. Kwa mbali yanaonekana matupu. Trela refu bapa, na juu yake mabando machache ya sahani za shaba, kila moja lina zaidi ya tani mbili, hayafiki hata kiunoni kwa mtu mzima. Mzee alinishika mkono tukavuka tukayaangalie. Mabando hayakurundikwa. Machache yalikaa mbele, juu ya ekseli za kuvuta, kisha nafasi tupu, kisha mengine juu ya ekseli za trela, minyororo imekazwa kila fungu. Aliyeyapanga alijua ekseli ziko wapi. Dereva wake, kijana wa Kitwe mwenye Kiswahili cha mpakani, alitoa karatasi aliyopewa alikopakia. Ilikuwa na uzito wa ekseli ya mbele, wa kuvuta, wa trela, vyote chini ya kikomo, na sahihi ya aliyepakia chini yake.

"Ukikamatwa njiani je?" Mzee akauliza.

"Naonyesha hii. Wao ndio wamesaini, mzee wangu."

Mzee aliomba aipige picha. Akaituma kwa mwenye gari palepale, akaongeza ujumbe wa sauti, akieleza taratibu, bila hasira, kwamba kule mgodini wanapima ekseli kabla lori halijatoka getini, na kwamba yadi ya Kurasini ina nafasi ya kutosha kufanya vivyo hivyo. Tulikuwa bado kwenye foleni, usiku umeshaingia, simu ikaita. Mwenye gari hakuzungumzia posho. Aliuliza mizani ya namna hiyo, ile ndogo ya kuweka chini ya matairi, inauzwa wapi na bei gani, na kama wakala wa mizigo anaweza kulazimishwa kuchangia.

"Muulize huyo kijana," alisema, "walianza vipi."